Mawe Yetu Yako Wapi?

Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano mkuu wa chama, chini ya miembe. Wanachama wengi walikuwa ziwani na wengine sokoni, ndiyo maana komite imeomba yaandikwe. Tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.



Tunajua juu ya nini mmetuita. Hamkutuita tuje kufundisha, mmetuita tuje kujibu. Wiki iliyopita mzee mmoja alitusimamisha njiani, akatuuliza: "Mulitubebesha mawe siku sita, tukayatupa mu ziwa. Sasa ile mawe iko wapi?" Siku ile hatukuwa na jibu. Leo tunalo, lakini ni refu kidogo, tena linapitia mbali, mpaka Ulaya. Tunaomba mtuvumilie.

Kwanza tukumbushane. Wengi wenu mlirudi nyumbani kwa maji. Mlivuka kutoka Kigoma, tangu ule mwaka wa 2005 na kuendelea, na magodoro, na masufuria, na karatasi ya HCR mkononi. Mlipofika hapa mlikuta ufuko uleule wa wazee wenu: hakuna gati, hakuna ukuta, mchanga tu na wimbi. Abiria anabebwa mgongoni, mfuko wa unga unabebwa kichwani, na wimbi moja likija vibaya vyote vinalowa. Mama mjamzito wa kupelekwa hospitali naye anabebwa hivyo hivyo. Kiangazi, upepo wa kusini ukianza, boti hazina pa kulala. Mwaka juzi mbili zilivunjika zikiwa zimefungwa hapa hapa ukingoni.

Chama kikasema: tujenge ukuta wa kuvunja mawimbi, ule watu wanauita digi. Kila nyumba ilitoa franka, kila nyumba ikatoa siku sita za salongo. Sisi wa shirika tukaleta simenti, waya na mchoro. Ukuta ukasimama, hatua arobaini kuingia ziwani, na siku ya kuumaliza wamama waliimba. Mwezi wa saba ukaja upepo. Siku mbili, usiku mbili, ukuta ukaisha.

Tangu hapo tunasikia maneno. Kwamba komite imekula. Kwamba simenti ilichanganywa na udongo. Mweka hazina wetu alitukanwa sokoni mbele ya watoto wake. Watu wengine wameacha hata kutoa likelemba, wanasema feza ya chama inaenda kwa maji.

Wandugu, tuseme wazi mbele ya wote. Komite haikula kitu. Karatasi za simenti tunazo, mifuko ilihesabiwa, na mchanganyiko tuliusimamia wenyewe. Kosa lilikuwa la mchoro, na mchoro tuliuleta sisi. Ulikuwa mchoro wa ukuta wa korongo, ule tuliotumia kule mlimani kuokoa barabara. Kule ulisimama vizuri. Tukafikiri: maji ni maji, ukuta ni ukuta. Kumbe sivyo. Korongoni maji yanakuja upande mmoja, yanapita, yanakwisha. Ziwani maji yanapiga, yanarudi, yanapiga tena, usiku kucha, na hayachoki mpaka upepo uchoke.

Kwa hiyo tulirudi kusoma, na tulichokisoma tutawaeleza.

Wimbi linabeba nini

Wavuvi wanajua jambo hili kuliko sisi. Ukiacha boya la wavu katikati ya ziwa, wimbi linapita chini yake, boya linapanda, linashuka, linabaki karibu palepale. Maji hayasafiri. Kinachosafiri ni nguvu, ile upepo iliyoyapa maji huko mbali. Na ziwa letu lina uwanja mrefu wa kukimbilia. Kutoka kusini hadi kaskazini ni kilomita 670 hivi, lakini upana wake kwa wastani ni kilomita 50 tu. Upepo wa upande una mahali padogo pa kusukumia maji. Upepo wa kusini una njia ndefu, ndiyo maana mawimbi ya kiangazi yanafika hapa yameshiba.

Likikaribia ufuko, wimbi linakuta maji mafupi. Kina kikishuka mpaka karibu na kimo chake lenyewe, miguu inakwama, kichwa kinaanguka mbele. Ndipo linavunjika, na nguvu yote iliyobebwa toka mbali inashushwa mahali pamoja.

Sasa ukiweka ukuta wa kusimama wima, kama wetu, wimbi linaugonga na kurudi. Likirudi linakutana na jingine linalokuja, maji mbele ya ukuta yanaruka juu na kushuka kwa nguvu, yanachimba mchanga chini ya msingi. Ukuta unaanguka kwa kukosa pa kukanyaga, hata kama simenti yake ni nzuri namna gani. Waliokuwepo asubuhi ile ya pili wanakumbuka: vipande vililala vimeinamia ziwani, kama mtu aliyesukumwa magoti kutoka nyuma.

Ukiweka lundo la mawe lenye mteremko, mambo yanabadilika. Wimbi linapanda mteremko na kuvunjika juu yake, sehemu ya maji inaingia katika nafasi kati ya mawe, inazunguka humo, inapungukiwa na nguvu, inarudi taratibu. Ukuta mzuri wa ziwani hausimamishi maji. Unayachosha. Hilo ndilo tulilokuwa hatulijui, na watu wa zamani walilijifunza kwa hasara kubwa kuliko yetu.

Wafaransa na mapipa ya mbao

Kati ya Ufaransa na Uingereza kuna bahari nyembamba yenye dhoruba mbaya. Upande wa Ufaransa kuna mji wa Cherbourg. Mfalme Louis wa 16 alitaka bandari pale kwa meli zake za vita. Mhandisi wake, Louis-Alexandre de Cessart, alibuni kitu cha ajabu: mapipa makubwa ya mbao, chini mapana, juu membamba, kimo chake mita 20 hivi. Yangeelezwa mpaka mahali pake, yajazwe mawe, yazame, moja kando ya jingine. Hesabu yake ilitaka mapipa 90. La kwanza lilizamishwa mwaka 1784. Mwaka 1786 mfalme mwenyewe alikwenda kutazama.

Bahari haikujali mfalme. Mawimbi yalivunja mbao, mawe yakamwagika, na wadudu wa baharini wakala zilizobaki. Baada ya miaka michache mpango wa mapipa uliachwa, wakaanza kumwaga mawe tu. Mawe nayo yakasukumwa. Mwezi wa pili wa mwaka 1808, wakati askari na wafanyakazi walikuwa wakilala juu ya ukuta uliokuwa bado haujaisha, dhoruba iliupita juu usiku na kuwachukua watu wengi. Ukuta mkubwa wa Cherbourg, wenye urefu wa zaidi ya kilomita tatu na nusu, ulimalizika mwaka 1853. Toka pipa la kwanza mpaka hapo ni karibu miaka 70. Aliyeuanza hakuuona.

Waingereza na neno la bahari

Upande wa pili wa bahari hiyo, Waingereza walikuwa na shida ileile. Meli zao za vita zilitia nanga katika ghuba ya Plymouth, na ghuba ile iko wazi kwa upepo wa kusini-magharibi. Wakati huo walikuwa wakipigana na Napoleon, na meli zilikuwa zikivunjikia ndani ya mlango wa nyumba yao wenyewe.

Mwaka 1806 serikali iliwapa kazi ya kutafuta dawa John Rennie na Joseph Whidbey. Tunaomba mshike majina hayo mawili. Rennie alikuwa mhandisi toka Uskoti, mtu wa madaraja na mifereji. Whidbey alikuwa baharia, aliyekuwa amezunguka dunia katika safari ya nahodha George Vancouver. Mmoja alikuwa na hesabu, mwingine alikuwa na maji. Sisi hapa tulikuja na hesabu peke yake, tena hesabu ya mlimani. Wavuvi wetu hatukuwauliza. Kuna mzee mmoja wa mtumbwi aliyetuambia mapema kwamba pale mahali wimbi linapiga mara mbili, na sisi tukamjibu kwa heshima kwamba mchoro umeshakubaliwa. Yupo hapa leo. Tunamwomba msamaha.

Jiwe la kwanza la Plymouth lilitupwa tarehe 12 Agosti 1812. Walinunua kilima cha mawe ya chokaa mahali panapoitwa Oreston, wakapasua kwa baruti. Humo ndani ya mapango walikuta mpaka mifupa ya vifaru wa zamani sana. Mawe yalikuwa ya tani kadhaa, mengine yakipita tani 5. Yalipakiwa kwenye vigari vya magurudumu, vigari vikaingizwa ndani ya meli zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, zenye reli ndani na mlango nyuma. Meli ikifika mahali palipopimwa, kigari kinavutwa mpaka mlangoni, kinainama, jiwe linaingia majini. Hawakujenga kwa simenti. Walimwaga na kupima, wakamwaga tena. Mwaka wa pili tu mawe yakaanza kuonekana maji yakipungua, na meli zikaanza kupata kivuli nyuma yake.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo jibu la mzee wetu lilipo. Rennie alichora mteremko wa upande wa bahari uwe wa moja kwa tatu. Maana yake, ukishuka hatua moja chini, umekwenda hatua tatu mbele. Mwanzoni mwa mwaka 1817 ikaja dhoruba kubwa. Mawe ya tani nyingi yalichukuliwa kutoka upande wa bahari, mengine yakatupwa juu yakaangukia upande wa pili. Walipopima, waliukuta mteremko umelala zaidi: moja kwa tano. Wakubwa hawakukubali. Kazi ikaendelea kwa mchoro uleule wa moja kwa tatu. Rennie akafa mwaka 1821. Mwezi wa kumi na moja wa 1824 ikaja dhoruba nyingine, mbaya kuliko ile, ikavunja sehemu ndefu ya ukuta. Wakapima tena. Moja kwa tano.

Bahari ilikuwa imesema neno lake mara mbili, na safari hii wakalisikia. Wakabadilisha mchoro, wakafuata mteremko ambao maji yenyewe yaliuchora. Mawe yaliyosukumwa hawakuyaita hasara, yalikuwa tayari msingi. Juu yake wakapanga mengine, wakafunika uso kwa mawe yaliyochongwa na kushikana. Kazi kubwa ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1840. Ukuta una urefu wa mita 1,560 hivi, chini una upana wa mita 65, juu mita 13, na umekula mawe ya tani milioni 4 hivi. Leo bado upo, na bado unahudumiwa: vipande vikubwa vya zege, kimoja tani 100, vimewekwa upande wa bahari kusaidia uso wake.

Na hata baada ya kumaliza, hawakuuamini peke yake. Ncha ya magharibi walijenga mnara wa taa, ukawaka mwaka 1844. Ncha ya mashariki walisimamisha nguzo, na juu ya nguzo tundu la chuma la mviringo, ili mtu ambaye meli yake imevunjika aweze kupanda na kungoja kuokolewa. Linaingiza watu sita. Tutalirudia tundu hilo mwishoni.

Mawe yetu tumeyakuta

Tulipomaliza kusoma hayo, tulirudi ziwani. Mwezi uliopita, siku maji yalipotulia, vijana wanne wa chama waliingia na kamba yenye mafundo na mti mrefu. Walipima sehemu tano. Mzee, mawe yako hapo. Hayakuenda Kigoma na hayakuliwa na mtu. Yamelala chini ya maji, mbele ya pale ukuta ulipokuwa, katika mteremko wa moja kwa nne hivi. Ziwa limetuchorea mchoro, bila kutudai feza. Mara ya kwanza lilipotuambia tulikimbilia kutafuta mwizi, badala ya kwenda kusoma.

Sasa tunaomba tufanye hesabu kidogo, tuache maneno. Jiwe likiingia majini linapoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. La kilo 100 linakuwa kama la kilo 60 na kidogo. Ndiyo maana jiwe linalotushinda nchi kavu wimbi linaliviringisha kama chungwa. Wahandisi walitafuta muda mrefu hesabu ya jiwe gani linatosha wimbi gani. Ramón Iribarren wa Hispania alitoa yake mwaka 1938, na Robert Hudson wa Marekani akatoa yake katika miaka ya 1950, nayo inatumika mpaka leo. Jambo kubwa ndani yake ni hili: wimbi likiwa refu mara mbili, jiwe linatakiwa kuwa zito mara nane. Siyo mara mbili. Mara nane.

Tuliiweka hesabu hiyo kwenye mawe yetu, yale ya kubebwa kichwani, kilo 30 hivi. Kwa lundo lenye mteremko wa moja kwa mbili, jiwe kama hilo linatulia mbele ya wimbi la sentimita 60. Hapo ni juu kidogo ya goti. Wimbi la mita moja linataka jiwe la kilo 150 hivi. Wimbi la mita moja na nusu, lile la kufika kifuani ambalo wote tumeliona kiangazi, linataka karibu kilo 500. Mteremko ukilala mpaka moja kwa nne, uzito unaotakiwa unapungua nusu, lakini lundo linakuwa kubwa zaidi.

Kubwa namna gani? Ukuta wetu ulikuwa kama mita 60 za ujazo. Lundo la urefu uleule, kimo cha mita mbili, na mteremko unaofaa pande zote, ni karibu mita 480 za ujazo. Ukisema libebwe kichwani, ni safari zaidi ya elfu 25, na ile ya kwanza ilikuwa elfu tatu na kidogo. Tena mawe ya kichwani yanafaa ndani tu, kama moyo wa ukuta. Ngozi yake ya nje inataka mawe ambayo hakuna mama wa kuyabeba, yanataka baramini, magogo ya kuviringishia na watu kumi. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini ziwa si kibaba.

Hatusemi hivyo kuwavunja moyo. Mwaka jana tuliwaambia "mawe yapo, mikono ipo, tuanze", bila kuwaambia bei. Sasa bei mnaijua.

Mchanga wa jirani

Kuna jambo la pili ambalo hatukuliwaza. Mawimbi yanakuja kwa mshazari, kwa hiyo yanatembeza mchanga kando ya ufuko, kwetu mara nyingi kuelekea kaskazini. Ukuta ukitoka nchi kavu kuingia majini, unaukata mchanga njiani. Upande mmoja unajaa, upande mwingine unaliwa.

Mfano upo India, bandari ya Madras, leo wanaita Chennai. Walijenga kuta zao katika miaka ya 1870. Dhoruba ya mwaka 1881 ikazivunja, wakajenga tena. Lakini mchanga haukungoja. Kusini mwa bandari ufuko ulikua mpana, ukawa uwanja wa watu kutembea jioni. Kaskazini, kwa wavuvi, bahari ilikula nchi, na watu wa kule waliumia kwa sababu ya kazi iliyofanywa kwa jirani. Kwetu kaskazini kuna kijiji cha ndugu zetu ambao hawakwenda ukimbizini, walibaki katika vita. Tulipogawana mashamba na visima tulishaona jinsi neno dogo kati ya waliorudi na waliobaki linavyoweza kuwaka. Tukijenga ukuta unaokula ufuko wao, tutakuwa tumeleta kesi nyingine. Hawakuulizwa mara ya kwanza. Lazima waulizwe.

Plymouth walikwepa shida hii kwa njia yao. Ukuta wao haushiki nchi kavu upande wowote. Umesimama katikati ya ghuba, njia iko wazi kushoto na kulia, ili maji ya mito ya Plym na Tamar yaendelee kutoka na matope yasijae ndani. Sisi pia tuna mto unaoleta mchanga kila masika. Tukifunga, bandari yetu itageuka shamba la mpunga.

La tatu ni kimo cha ziwa. Bahari ya Plymouth inapanda na kushuka kila siku, wanaijua. Ziwa letu linapanda pole pole, miaka kwa miaka, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie. Mliona wenyewe mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, nyumba za ukingoni Uvira, Baraka na Kalemie zikiingiwa na maji. Ukuta unaopimwa kwa maji ya mwaka mmoja unaweza kuzama mwaka wa pili, au kubaki juu kavu kama daraja lisilo na mto.

Tunachopendekeza

Hatukuja na mchoro mpya leo. Tumekuja na mambo manne ya kuamua.

Kwanza, mwaka mzima wa kupima kabla ya jiwe hata moja. Miti minne yenye alama za rangi isimamishwe majini. Vijana wawili na mvuvi mmoja mzee waandike kila asubuhi: kimo cha maji, kimo cha wimbi, upepo unakotoka. Daftari likae kwa katibu, kila mwanachama awe na haki ya kulifungua. Mwaka ukiisha, kazi ya kwanza ya mhandisi wa majini itakuwa kusoma daftari hilo. Sisi wa shirika tutamtafuta, na mtu wa barabara hatutamleta tena.

Pili, twende pamoja tukaitazame ile rasi yenye miamba, nusu saa kwa miguu kutoka hapa. Wazee wanasema nyuma yake boti zilikuwa zikilala zamani, kabla ya kukimbia. Pale Mungu alishaweka mawe ya tani nyingi, na hakutudai salongo. Inawezekana njia nzuri ya kushuka mpaka pale, na mahali pa kupandishia boti nchi kavu, vitatufaa zaidi kuliko ukuta wowote hapa. Wenye maduka hapa ufukoni hawatapenda neno hilo, tunajua. Lakini lisemwe mbele yao, lisisemwe nyuma.

Tatu, majirani wa kaskazini wakaribishwe kwenye mkutano ujao, wakae viti vya mbele.

Nne, lile tundu la chuma. Waingereza walikuwa na ukuta wa tani milioni 4, na bado walifikiria watu sita wanaozama. Sisi hatuna ukuta, na watu wetu wanavuka kila siku. Feza iliyobaki kwenye kasha haitoshi hata robo ya lundo la mawe. Inatosha kununua kamba nzuri, taa ya sola ya kuwasha usiku ufukoni, na majaketi ya kuokolea kwa boti mbili zinazopeleka wagonjwa. Hayo yanaweza kufanyika kabla ya kiangazi kinachokuja. Lakini feza ni yenu. Funguo za kasha ni tatu, ziko kwa watu watatu, na sisi si mmoja wao.

Tunabaki na deni moja. Mweka hazina alitukanwa kwa kosa letu. Tumekwisha kumwomba msamaha nyumbani kwake, mbele ya mke wake. Leo tunamwomba mbele yenu, na tunaomba waliotukana wafanye hivyo hivyo, kwa wakati wao, bila kulazimishwa. Chama ambacho wanachama wake wanashukiana kinaanguka kama ukuta wetu ulivyoanguka: kinachimbwa chini.

Mzee uliyetuuliza njiani, tumejibu. Mawe yako hapo, mita chache mbele ya macho yako. Tukijenga hapa siku moja, yatakuwa ya kwanza ya msingi, na siku zenu sita hazitakuwa zimepotea. Tukienda kwenye rasi, yatabaki kuwa nyumba ya samaki, na tutakuwa tumelipa ada ya shule.

Mkutano utapiga kura mwezi ujao, siku ya soko ikishapita. Njooni wengi.